HUTUBA YA IJUMAA: WEWE UNAYEJIFUNZA POKA, UNAJIFUNZA NINI?

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah, aliyetuhalalishia vilivyo vizuri na kutuharamishia vilivyo vichafu. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, jamaa zake, masahaba wake, na kila aliyefuata njia yao mpaka Siku ya Malipo. Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu, wababa na wamama, na hasa ninyi vijana mnaopenda kukaa safu ya nyuma karibu na mlango: Assalaam alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh. Ninaiusia nafsi yangu kwanza, kisha ninawausia ninyi, tumche Allah katika siri na katika dhahiri. Simu yako ina siri kwa baba yako na kwa mke wako. Kwa Allah haina siri.

Leo tunazungumza juu ya mchezo wa karata unaoitwa poka. Wazee wengi hapa hawaujui, watauliza ni kitu gani. Lakini vijana wanaujua. Kwanza walianza na pari za mpira, sasa wamehamia kwenye karata, wengine katika simu, wengine usiku nyumbani kwa mtu, taa ndogo na mlango umefungwa. Vijana watatu walinijia baada ya swala ya Isha, wakasema: "Shehe, sisi ni wanafunzi tu wa mchezo huu. Hatuweki feza. Tunacheza kwa jetoni za bure. Na poka si bahati, ni akili. Je, ni haramu?"

Mtu anayeuliza kabla ya kuingia ni bora kuliko anayeuliza baada ya kuzama. Basi ninawajibu mbele ya watu wote, maana najua waliouliza ni watatu, lakini walio na swali hilo ni wengi. Na kwa sababu haifai kuhukumu kitu usichokijua, niliwaomba kwanza wanieleze mchezo wenyewe hatua kwa hatua. Nitawaeleza ninyi kama walivyonieleza.

MCHEZO WENYEWE

Karata ni 52. Kila mchezaji hupewa karata 2, anazificha. Watu wawili, kwa zamu, hulazimishwa kuweka feza mezani kabla hawajatazama walichopewa. Kisha mezani hufunuliwa karata 3 kwa ajili ya wote, halafu 1, halafu 1 ya mwisho. Zote pamoja ni 5. Mara nne watu huulizwa: unaweka, unaongeza, au unajitoa? Anayejitoa anaacha alichoweka. Mwishoni, mwenye karata tano zilizo bora anachukua yote. Au, na hili mlisikie vizuri, anachukua yule aliyewatisha wenzake mpaka wote wakajitoa, hata kama mkononi hana kitu. Hilo wanaliita blefu. Mtu ana karata mbovu, lakini anaongeza feza kwa uso mkavu, ili ndugu yake aliye na karata nzuri aogope na kuacha haki yake.

Sasa tazama somo la kwanza ambalo mwanafunzi wa poka anafundishwa: ficha uso wako, soma uso wa mwenzako, tafuta hofu yake, halafu itumie. Sisi katika chuo cha Kurani, somo la kwanza tulilofundishwa ni alifu, be, te, na pamoja nayo tulifundishwa kwamba Mwislamu ni yule ambaye watu wamesalimika na ulimi wake na mkono wake. Masomo haya mawili hayakai katika kifua kimoja.

"NI AKILI, SI BAHATI"

Vijana wanasema poka ni hesabu. Sitakataa kwamba kuna hesabu ndani yake. Basi njooni tuhesabu.

Ukichukua karata 5 katika 52, kuna namna 2,598,960 za kuzipata. Mkono ulio mkubwa kuliko yote, ule wanaousifu katika filamu, uko mara 4 tu katika namna hizo zote. Na zaidi ya nusu ya namna hizo hazina hata jozi moja. Jozi ya karata mbili za juu kabisa mwanzoni mwa mchezo huja, kwa wastani, mara 1 katika 221. Maana yake unaweza kukaa usiku mzima, ukalipa feza ya lazima kila zamu, na usiione hata mara moja.

Hesabu nyingine. Tuseme una karata nne za rangi moja, zimebaki moja ikamilike. Karata usizoziona ni 47. Zinazokufaa ni 9. Zisizokufaa ni 38. Mwanafunzi anaona zile 9. Moyo unamwambia: inakuja, inakuja. Anaongeza feza. Yule mzoefu aliye mbele yake anaziona zile 38, naye anakaa kimya, anangoja.

Hapo ndipo swali langu kwa wanaosema poka ni akili. Kama kweli ni akili, basi mwenye akili nyingi anamla mwenye akili kidogo. Na wewe umeniambia ni mwanafunzi. Basi katika meza hiyo, ni nani chakula? Mchezaji mzoefu hapati feza kutoka mbinguni, wala hailimi katika shamba. Anaipata kwa aliyekuja jana. Ndiyo maana mwanafunzi anapokelewa vizuri sana mezani, anapewa kiti, anapewa soda, anaachiwa ashinde kidogo siku ya kwanza. Mvuvi hamnyimi samaki chambo.

Tuongeze na hesabu ya mwenye nyumba. Tuseme watu 6 wamekaa, kila mmoja ana franka 10,000. Jumla ni 60,000. Wacheze usiku kucha, hazitazaa hata franka moja. Ni zilezile zinahama mfuko. Lakini mwenye nyumba, au mwenye programu ya simu, anakata kila mara. Tuseme anakata 5 katika kila 100. Mezani zikikusanyika franka 12,000, anachukua 600. Michezo ikiwa 20 tu, amechukua 12,000. Zilizobaki kwa wote sita ni 48,000. Asubuhi mmoja anacheka, watano wanatazama chini, na yule ambaye hakugusa karata hata moja ndiye aliyepata bila kuogopa.

Linganisheni na biashara. Mama anauza mihogo sokoni. Mnunuzi anaondoka na mihogo, mama anaondoka na feza, wote wawili wamepata walichokitaka, na usiku watoto wa nyumba zote mbili wanakula. Ndiyo maana katika Suratu Nisaa, aya ya 29, Allah ametukataza kulana mali kwa batili, akatoa nje ya katazo hilo biashara ya kuridhiana. Mezani pa poka hakuna mihogo. Kuna mali ya ndugu yako tu, na njia pekee ya wewe kufurahi ni yeye kulia.

Mmoja wa vijana aliniambia: "Shehe, si ni kama likelemba? Kila mtu anaweka, mmoja anachukua." Hapana, mwanangu. Katika likelemba wamama kumi wanaweka, leo anachukua wa kwanza, mwezi ujao wa pili, mpaka wa kumi. Kila mmoja anarudishiwa kiasi chake kamili, hakuna aliyepungukiwa. Likelemba ni kuaminiana. Poka ni kutegeana. Usifananishe mkono unaokuinua na mkono unaokuingia mfukoni.

HADITHI YA MTU MMOJA ALIYESHINDA

Najua kinachowavuta vijana. Wamesikia habari za Mmarekani mmoja, Chris Moneymaker, na jina lake hilo kweli lina maana ya mtengeneza feza. Alikuwa mhasibu wa Tennessee, si mchezaji wa kazi. Mwaka 2003 alilipa chini ya dola 100 katika shindano la intaneti, akapata nafasi ya kuingia katika shindano kubwa la poka la Las Vegas, ambalo kiingilio chake kilikuwa dola 10,000. Akashinda dola 2,500,000. Hayo ni kweli, yalitokea.

Lakini hadithi ina watu wengine ndani yake ambao hakuna anayewataja. Walioingia mwaka huo walikuwa 839. Zaidi ya 700 waliondoka bila kurudishiwa kitu. Mtaje jina mmoja wao. Huwezi. Na nini kilifuata? Mwaka 2004 waliingia 2,576. Mwaka 2006 waliingia 8,773. Mtu mmoja alishinda, na maelfu wakaja na feza zao wakisema: hata mimi. Ushindi wa mmoja ukawa tangazo la kuwaita wengine watoe. Kama mpumbavu mmoja angeokota dhahabu katikati ya mto wenye mamba, je, ungempeleka mwanao aoge humo?

KAMARI KATIKA DINI YETU

Sasa tuingie katika hukumu. Kurani imeitaja kamari kwa jina la maisiri. Wanazuoni wengine wamesema jina hilo limetoka katika neno la wepesi, kwa sababu ni mali inayochukuliwa kwa wepesi, bila jasho. Waarabu wa zamani walikuwa wakichinja ngamia, wakampiga mafungu, kisha wakavuta mishale 10. Mishale 7 ilikuwa na mafungu, wa kwanza fungu 1, wa pili 2, mpaka wa saba mafungu 7. Mishale 3 haikuwa na kitu. Waliotokewa na ile mitatu ndio waliolipa bei ya ngamia. Na walioshinda, mara nyingi, hawakula nyama ile. Waliwagawia maskini, wakajivunia ukarimu wao.

Ndugu zangu, fikirini. Kamari ile ililisha maskini, lakini Allah hakuiacha. Katika Suratul Bakara, aya ya 219, ametufahamisha kwamba katika ulevi na kamari kuna manufaa kwa watu, lakini dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Kisha katika Suratul Maida, aya ya 90 na 91, akaifunga mlango kabisa, akaiweka pamoja na ulevi, masanamu na mishale ya kupigia ramli, akaiita uchafu wa kazi ya shetani, na akatutajia sababu: shetani anataka kutia uadui na chuki kati yetu, na kutuzuia tusimkumbuke Allah na tusiswali. Ikiwa kamari iliyolisha maskini imeharamishwa, vipi ile inayomnyima chakula mtoto wa nyumbani?

Na sababu zile tunaziona kwa macho. Uadui: marafiki wawili waliokula sahani moja, leo hawasalimiani kwa sababu ya meza ya usiku. Chuki: anayeshindwa hamshukuru aliyemshinda. Kumsahau Allah: mchezo unaanza baada ya Isha, unavuka usiku, na adhana ya Alfajiri inamkuta kijana ndiyo kwanza analala. Mwulize mchezaji yeyote mara ya mwisho aliyoswali Alfajiri kwa jamaa ni lini. Atatazama pembeni.

Na Mtume (S.A.W.), katika hadithi aliyoipokea Abu Huraira, amefundisha kwamba mtu anayemwambia mwenzake waje wacheze kamari, na atoe sadaka. Tazameni uzito wake: hajacheza bado, ametamka mwaliko tu, na tayari anahitaji kafara. Basi wewe unayemtumia rafiki yako ujumbe kwa simu ili aingie katika meza upate jetoni za zawadi, hadithi hii inakuhusu.

KUHUSU JETONI ZA BURE

Sasa swali lenyewe: je, bila feza? Hapa sitawaficha, maana elimu ni amana. Wanazuoni wetu wa madhehebu ya Imamu Shafi wametofautisha michezo. Mchezo unaotegemea kufikiri na kuhesabu, kama sataranji, hukumu yake ni nyepesi, wengi wao wameuona ni wa kuchukiza tu, ikiwa hauna feza, hauna matusi, na hauchelewi kwa ajili yake swala. Mchezo unaotegemea kubahatisha, kama kete za nardi, wameukataza, kwa sababu ya hadithi kali zilizokuja juu yake. Na poka imechanganya yote mawili. Lakini feza ikiwekwa kutoka pande zote, mshindi achukue na mshindwa apoteze, hapo hakuna tena swali la akili wala bahati. Hata sataranji, iliyo akili tupu, ikiwekewa feza za namna hiyo inakuwa kamari. Mtume (S.A.W.) hakuruhusu zawadi za mashindano isipokuwa katika ngamia, farasi na mishale, kwa sababu hayo yalikuwa mazoezi ya kujilinda, si njia ya kula mali ya mtu.

Kwa hiyo ile hoja ya "poka ni akili" haikusaidii. Umejibu swali ambalo dini haikukuuliza. Dini inakuuliza: feza imetoka kwa nani, na kwa kitu gani ulichompa?

Na wewe wa jetoni za bure, nakuuliza kama mzazi, si kama hakimu: unajifunza kwa ajili gani? Mtu hajifunzi kupika nguruwe ili anuse tu. Mtu hushona wavu kwa sababu ana mto kichwani. Jetoni zile unapewa bure leo. Zikiisha, programu inakuambia ngoja mpaka kesho, au nunua nyingine. Ukinunua, umetoa feza ya kweli kwa kitu ambacho huwezi kukigeuza kuwa chumvi. Na kabla hujanunua, tayari umetoa mega za simu, umetoa usingizi, umetoa saa ulizopewa za kusoma. Kisha unakuwa hodari katika jetoni, na moyo unakuambia: kama zingekuwa feza, ningekuwa tajiri. Sentensi hiyo ndiyo mlango. Kila niliyemjua katika waliopotea aliipita hapo. Wanazuoni wanasema njia ina hukumu ya mahali inapokwenda. Basi tazama njia yako inakwenda wapi, na urudi ungali unaona nyumbani.

JAMBO LILILOTOKEA KATI YETU

Ninalisema kwa ruhusa ya wenyewe, na majina tunayafunika, kwa sababu anayefunika aibu ya Mwislamu, Allah atafunika yake.

Mama mmoja wa jumuiya yetu alingoja miezi tisa zamu yake ya likelemba. Alitaka kununua mitungi ya mafuta ya mawese apeleke sokoni, na kulipa feza ya masomo ya binti yake wa sekondari. Zamu ilipofika, feza ilitumwa kwa simu ya kijana wake, kwa sababu mama hajui kusoma namba. Kijana alikuwa amejifunza poka miezi minne. Alisema moyoni: nitaiongeza mara mbili, nitampa mama yake, na mimi nibaki na yangu. Usiku wa kwanza alishinda kidogo. Usiku wa pili haikubaki kitu. Siku tatu hakurudi nyumbani.

Baba alitaka kumfukuza. Wazee wa mtaa walikaa, na kijana aliletwa. Hakupigwa. Aliulizwa mbele ya mama yake aeleze feza ilikwenda wapi, naye alishindwa kusema, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuonyesha: si nguo, si chakula, si ugonjwa wa mtu. Tukapanga. Kijana anabeba mizigo kwa kinga kutoka bandarini mpaka soko, na kila Ijumaa baada ya swala analeta sehemu kwa mzee aliyeteuliwa, ambaye anampa mama. Bado hajamaliza. Binti alikaa nyumbani robo ya mwaka mzima wa masomo. Na yule mama hakukosa hata mara moja kuweka fungu lake katika likelemba, ili wenzake wasipungukiwe kwa kosa la mwanawe.

Vijana, huyo mama ndiye aliyekuwa upande wa pili wa meza. Hamkumwona katika simu. Lakini feza iliyochukuliwa na mshindi wa usiku ule ilikuwa ya kwake, na yule mshindi, popote alipo, ameila.

WAZAZI, NANYI SIKILIZENI

Baba, mwanao ambaye hana kazi anarudi na feza, naye ananunua nyama, nawe unasema alhamdulillahi, huulizi. Uliza. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba mja hatatoka mahali pake Siku ya Kiyama mpaka aulizwe juu ya mali yake: aliipata wapi na aliitumia katika nini. Ni maswali mawili juu ya kitu kimoja. Heri umwulize wewe leo jikoni, kwa upole, kuliko aulizwe siku hiyo akiwa peke yake.

Na msiwe watu wa kupiga kelele tu. Kijana anayekaa mchana kutwa bila kazi, usiku shetani atampa kazi. Mwenye karakana, mchukue mmoja. Mwenye shamba, mwonyeshe mmoja. Mwenye kinga inayolala bure, mkopeshe mmoja.

KWA YULE ANAYETAKA KUACHA

Ndugu yangu, mlango wa toba haujafungwa, wala hauhitaji feza ya kuingilia. Fanya haya.

Kwanza, acha leo, usingoje mpaka "nirudishe kilichopotea". Maneno hayo ndiyo kamba inayowarudisha wachezaji wote. Kilichopotea kimepotea, okoa kilichobaki. Futa programu hiyo katika simu, na namba za wanaokuita mezani zifute pia.

Pili, ikiwa umeshinda mali ya mtu na unamjua, mrudishie. Ikiwa humjui au hapatikani, itoe kwa wahitaji ili ujisafishe nayo. Usitegemee thawabu ya sadaka, maana haikuwa yako.

Tatu, deni ulilokopa kwa jirani ukalichezea, bado ni deni. Yeye alikukopesha feza halali. Nenda kwake kabla hajakujia, umwambie ukweli, mpange namna ya kulipa kidogo kidogo.

Nne, badilisha usiku wako. Swali Isha kwa jamaa, ulale mapema, uamke Alfajiri. Ukikosa usingizi siku za mwanzo, njoo msikitini. Mlango wa chumba cha chuo huwa wazi, na kuna wazee ambao hawalali sana.

Tano, tafuta kazi ya mkono, hata iwe ndogo.

KHUTBA YA PILI

Alhamdulillahi, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu.

Enyi waja wa Allah, ninamalizia na habari iliyopokelewa na Anas bin Malik, iliyo katika mkusanyo wa Abu Daud. Mtu mmoja wa Ansari alikuja kwa Mtume (S.A.W.) akiomba. Mtume akamwuliza ana nini nyumbani. Alikuwa na tandiko moja, nusu wanajifunika, nusu wanatandika, na bakuli la kunywea maji. Mtume akaviuza mbele ya watu kwa dirhamu 2. Akamwambia moja anunue chakula kwa ajili ya jamaa zake, na ya pili anunue shoka alete. Alipolileta, Mtume alilifunga mpini kwa mkono wake mwenyewe, akamtuma akate kuni auze, na asionekane kwa siku 15. Aliporudi alikuwa na dirhamu 10, amenunua nguo na chakula.

Angalieni hesabu hii, enyi mnaopenda hesabu. Dirhamu 1 ya shoka ilizaa 10 kwa siku 15. Hakuna aliyelia. Hakuna aliyedanganywa. Waliopata kuni walipika, aliyeuza alikula, na mikono ya Mtume ilishiriki katika kufunga mpini. Hiyo ndiyo akili. Hiyo ndiyo faida.

Kijana wangu, una vidole vyepesi, una kichwa cha kuhesabu namba ambazo mimi mzee zinanichosha. Kichwa hicho kinafaa kuhesabu mitungi ya mafuta, bei ya soko, mirathi ya Kiislamu, ambayo kila siku tunakosa mtu wa kuihesabu vizuri. Njoo nikufundishe mirathi. Ni sehemu na nusu na robo na thumni, ni ngumu kuliko poka, na mjane atakuombea dua mpaka kufa kwako.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali yako tusihitaji haramu yako. Ewe Mola wetu, warudishe vijana wetu nyumbani kabla ya Alfajiri, na warudishe msikitini wakati wa Alfajiri. Ewe Mola wetu, walipie wenye madeni, fungua riziki kwa wanaotafuta, wape wazazi wetu macho ya kuona na ulimi wa upole. Wape amani watu wa Kongo, mashariki na magharibi, waliokimbia vita uwarudishe makwao, na waliokufa katika imani uwarehemu. Amin, amin, ya Rabbal alamin.

Simameni mswali, Allah awarehemu.

Karatasi hii imeandikwa jina la Allah na majina ya sura zake. Usiitupe chini wala usifungie karanga. Ukimaliza kuisoma, mpe jirani ambaye hakufika, na umsomee asiyejua kusoma.